Maji ya Matanga

Kanini alikuwa na mkono mgumu, na mtu asikudanganye kwamba alizaliwa nao. Mkono ule ulifundishwa. Ulifundishwa na jua, ukafundishwa na watalii walioacha kuja kununua twiga wa mbao, ukafundishwa na unga uliopanda bei kila ulipougeuzia mgongo. Mumewe, Mulwa, alikuwa mchongaji pale Wamunyu, fundi wa kweli, lakini fundi hali ufundi. Kuna wiki alirudi na pesa ya unga, na kuna wiki alirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi, basi. Nyumba haikungoja kujua ni wiki gani. Nyumba ilitaka kula.

Kwa hiyo Kanini akabana. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi, vipande vyembamba, kila mtu na chake, na ole wako ukisahau chako ndani ya maji. Majani ya chai yalichemshwa, yakaanikwa juani, yakachemshwa tena mpaka chai ikaona haya kuitwa chai. Njiti ya kiberiti aliipasua kwa wembe ikawa mbili. Muthokoi, yale mahindi yanayotwangwa yakatoka maganda, aliyaloweka pamoja na maharagwe tangu jana yake ili yasimalize kuni. Koroboi ilizimwa watu wakishameza tonge la mwisho. Aliyetaka kuongea aliongea gizani, maana maneno hayahitaji taa.

Majirani walimcheka. "Huyo ni mkono wa birika," walisema, na waliposema walihakikisha anasikia.

"Birika angalau liko na chai," Kanini alijibu. "Nyinyi mko na nini?"

Na haki yake apewe. Watoto wake hawakulala njaa hata siku moja. Kiangazi kilipokaza, hao hao waliocheka ndio waliotuma watoto wao kwake kuomba chumvi, na chumvi aliwapa, ingawa aliipima kwa vidole viwili.

Lakini kulikuwa na mahali pamoja ambapo kibaba chake kilivuja, na mahali penyewe ni matangani.

Kule kwao mtu hazikwi na watu wa nyumba yake peke yao. Kuna mwethya, kikundi cha akina mama cha kufaana, na sheria yake kila mtu aliinyonya pamoja na maziwa. Mfiwa hachoti maji. Hatafuti kuni, hasagi, hapiki. Anakaa chini analia, na wenzake wanamletea: kila nyumba mtungi wa maji, mzigo wa kuni na nusu gorogoro ya mahindi, kisha wanakaa naye mpaka azike. Zamani jambo lenyewe lilikuja mara moja moja, hukulisikia likiuma. Ila miaka ile ya mwisho ya tisini watu walikufa kama kuku wa kideri. Vijana walirudi kutoka Nairobi na Mombasa wamekonda, wakalala, wakaenda, na ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja jina. Hujamaliza kumfuta huyu machozi, kilio kinatoka ukingo wa pili wa mto. Na kila kilio ni mahindi, ni kuni, ni siku nzima nzima kiondo hakisukwi.

Maana vyondo ndivyo vilivyokuwa mgongo wa nyumba ile. Kanini alivisuka vikapu hivyo kwa makonge, akampelekea Hidaya, mama mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka karibu na msikiti mjini Machakos. Hidaya alilipa papo hapo, hakukopa, lakini alitaka vyondo vyake siku aliyosema. Ukichelewa, alinunua kwa mwingine, tena kwa tabasamu.

Siku moja Kanini alikuwa amekaa nje na mama mkwe wake. Jina lake bibi huyo ni Syombua, ila watoto walimwita Susu, ndiyo nyanya kwa Kikamba, na mwishowe kijiji kizima kikamwita hivyo. Susu alikuwa akichambua kunde. Magoti yake yalishakataa kazi zamani, lakini mikono ilikuwa bado ya msichana.

"Mwaitu," Kanini akamwambia, kwa jina la heshima ambalo Wakamba humwita mama, "mahindi yenye tumetoa matangani mwaka huu yangetulisha mwezi mzima. Nimepiga hesabu. Nataka kutoka kwa mwethya."

Susu hakuinua kichwa. "Na wewe ukifiwa?"

"Bado sijafiwa."

"Shauri ya Mungu hiyo. Mtu hasemi hivyo na mdomo wazi."

"Mwaitu, siwezi kulisha maiti na walio hai wako na njaa."

"Ati maiti!" Susu akatupa kunde iliyotobolewa na dudu. "Umewahi kuona maiti ikila? Kanini, mtu ni watu. Hata mbuzi anajua, ukimfunga peke yake analia."

"Watu hawaninunulii unga," Kanini akasema, na akaona amesema vizuri.

Akaenda kwa Mama Titus, mwenyekiti wa mwethya, mwanamke mpana mwenye sauti iliyozoea kuongoza nyimbo kanisani. Kanini alijitayarisha njia nzima kwa ugomvi. Ugomvi haukuja.

"Mnitoe," alisema.

"Hatujaandika jina yako mahali ndio tuifute," Mama Titus akajibu, akiendelea kupepeta mtama. "Wewe wacha tu kukuja. Tutaona hauko."

Kumbe ni rahisi hivyo! Kanini alirudi nyumbani amejisikia mwepesi. Na usidhani mambo yalimwendea vibaya, la. Yalimwendea vizuri, na hapo ndipo ubaya ulipojificha. Sukari ikarudi mezani. Akanunua mbuzi jike. Watoto wakapata viatu vya mitumba vilivyofanana mguu wa kushoto na wa kulia. Mulwa hakuuliza faida imetoka wapi, maana mwanamume akiona mambo yanakwenda huwa na adabu ya kunyamaza. Kilio kikisikika, Kanini aliinamisha kichwa akaendelea kusuka, na kila mara kuinamisha kichwa kukawa rahisi kidogo kuliko mara iliyopita.

Mpaka siku ya mtoto wa Kamanthe.

Kamanthe alikuwa wa rika lake, ameolewa ng'ambo ya mto, mlango wake ukitazamana na wa Kanini. Walipokuwa wote kwenye mwethya walikuwa wakitwikana mizigo, huyu amtwike yule, wakichekana nani amezeeka kwanza. Kitinda mimba wake alishikwa na malaria, na kabla hajafikishwa hospitali akawa amekwenda. Kilio kilivuka mto asubuhi, sauti moja tu, sauti ya mama, na mtu yeyote aliyewahi kuzaa aliisikia tumboni.

Kanini alikuwa mlangoni na kiondo mapajani. Vyondo vya Hidaya vilitakiwa Jumamosi.

Susu akasimama akishika ukuta. "Twende."

"Niko na kazi ya watu, mwaitu."

"Kanini. Ni mtoto."

"Nikikosa Jumamosi, Hidaya atanunua kwa wengine, na huyo mwingine hataniachia nafasi tena. Nitaenda wiki ijayo nimsalimie."

Susu alichukua kamtungi kadogo walikotilia mafuta ya kupikia zamani, akakajaza maji, akakafunika kwa gunzi la mahindi, akashuka mtoni taratibu, magoti yakimsaliti kila penye jiwe. Kanini alimwangalia mpaka akatokea ng'ambo. Aliona haya, tena haya ya kuunguza masikio. Lakini haya hainunui unga, akajiambia, akasuka. Alisukia pale pale mlangoni kwa sababu ndipo penye mwanga.

Jumamosi Hidaya aligeuza vile vyondo huku na huku. "Mashallah, mama Kanini, kazi yako haina kasoro," akasema, akalipa. Kanini akarudi na unga na sukari. Susu alikunywa chai yake kavu siku hiyo, akasema sukari inamuumiza meno. Wiki iliyofuata kukawa na vyondo vingine, na ile iliyofuata pia, na safari ya kwenda kwa Kamanthe ikageuka jambo la aibu zaidi kila lilivyokaa, mpaka likawa halifanyiki tena.

Kiangazi cha mwaka uliofuata Susu alianza kukohoa. Kanini alimchemshia kila kilichosemwa kinachemshwa. Alimuuza mbuzi jike bila kuombwa, akamnunulia dawa ya dukani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuuliza bei mara mbili. Maana alimpenda yule mama. Mkono ulikuwa mgumu, moyo haukuwa. Lakini kifua cha mzee kikishafunga huwa kimefunga, na kulipopambazuka siku moja Susu alikuwa amenyamaza, mkono mmoja chini ya shavu kama mtoto.

Kanini akapiga ukemi. Alilia mpaka sauti ikakatika, akatoka nje, akakaa chini mchangani kama mfiwa anavyokaa. Akangoja.

Wanaume wa ukoo walikuja mapema na majembe, kwa sababu ukoo ni ukoo, na Mulwa akaenda kuwaonyesha mahali pa kuchimba. Binti mkubwa alishatumwa Kyumbi kuwaita shangazi zake. Jua likapanda. Ua lilikuwa tupu. Kuku walipita wakachakura, wakapita tena. Kanini alitazama njia ya mtoni, akatazama njia ya kanisani, na kila mara palipoonekana kitambaa cha mwanamke, kitambaa kiliendelea na safari yake.

Ndani ya nyumba kulikuwa na maji nusu mtungi. Susu hajaoshwa. Mazishi ni kesho. Wageni kutoka Kyumbi na Mwala wangefika jioni, na kuwafikisha watu kwenye kilio bila hata maji ya kunywa ni kumzika mama mkwe wako kama mbwa. Kanini alilijua hilo, na lilimkaa shingoni.

Mulwa alirudi kabla ya adhuhuri. Hakukaa.

"Nimepitia kwa Mama Titus," akasema. "Anasema hana ubaya na mama. Anasema sheria ni ya nyumba, na nyumba yetu ilijitoa. Ati wakienda kwa aliyejitoa, kesho nani atabaki kwa mwethya?"

Sheria yenyewe ilikuwa ya haki, hilo ndilo lililomuuma Kanini.

"Ulibana sabuni nikanyamaza," Mulwa akaendelea, na sauti yake haikuwa ya hasira, afadhali ingekuwa ya hasira. "Ukabana taa nikanyamaza. Nikasema mke wangu anajua. Sasa umebana hadi watu, Kanini. Mama yangu ataoshwa na nini?"

Kanini akainuka. Akakung'uta mchanga kwenye leso, akauchukua mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kipajini kushikilia mzigo mgongoni, akachukua mtungi mtupu.

"Unaenda wapi?" Mulwa akashtuka. "Mfiwa hachoti maji!"

"Basi nani atachota?"

Kule chini wazee wa ukoo wakamwita Mulwa, akaenda.

Mto ulikuwa umekauka, kama unavyokauka kila mwaka, na maji yalikuwa chini ya mchanga, ndani ya mashimo yaliyozungushiwa miiba ili mifugo isiingie. Akina mama walikuwa wamepanga foleni wakiongea. Mmoja alimwona Kanini akishuka na leso yake ya msiba kiunoni, akanyamaza. Wa pili akageuka kuona kwa nini mwenzake amenyamaza. Hivyo hivyo kimya kikaenda mpaka mwisho wa foleni. Si kwamba walimchekelea. Afadhali wangecheka. Hakuna hata mmoja wao, mzee kwa kijana, aliyewahi kuona mfiwa amekuja kujichotea maji ya matanga yake mwenyewe, na hawakujua waweke wapi macho.

Wakampisha. Mama Titus mwenyewe alivuta mtungi wake kando.

Kanini akashuka shimoni na kata. Maji yalikuwa yanachuruzika polepole, unateka, unangoja, unateka. Alisikia kata ikikwaruza mchanga na akajisikia akipumua. Mtungi ulipojaa aliusukuma juu ya ukingo, akatoka, akakaa mbele yake, akaupitisha ukanda kipajini, akajaribu kuinuka.

Sasa, mtungi uliojaa haujitwiki. Mwanamke yeyote wa kule anajua: unahitaji mtu wa nyuma wa kukuinulia, hata kwa mkono mmoja, mpaka magoti yako yakubali. Kanini alinyanyuka nusu, mchanga ukateleza, akarudi chini. Akajaribu tena, akaangukia mikono, na maji kidogo yakamwagika. Alitaka kulia lakini akaona machozi pale yangekuwa kama kuomba, na hakuwa na uso wa kuomba.

"Kaa vizuri," sauti ikasema nyuma yake. "Unavuta na shingo. Utajivunja."

Alikuwa Kamanthe. Kanini aliijua sauti.

"Kamanthe..."

"Kaza mukwa kwanza."

Mama Titus akakohoa. "Kamanthe, tulikubaliana kitu."

"Tulikubaliana juu ya nyumba," Kamanthe akasema bila kugeuka. "Mimi sijaenda kwa nyumba yake. Naenda kwa Susu. Susu alivuka huu mto na magoti yake yale, na kamtungi ambako hata mtoto angekabeba, akakaa kwangu mpaka tukazika. Mimi mtungi wangu huu nampelekea. Anayetaka kubaki abaki."

Pakawa na minong'ono. Mama mmoja mzee akasema, "Hata kwangu alikuja, Susu." Mwingine akasema kwake pia. Mama Titus aliutazama mtungi wake kana kwamba ndio utakaoamua. "Haya. Tunamwendea mama. Tukimaliza, kila mtu arudi kwake." Akamgeukia Kanini kwa mara ya kwanza. "Umesikia? Ni ya mama, si yako."

"Nimesikia," Kanini akasema.

Basi wakatwikana, huyu akamtwika yule. Kamanthe aliweka mikono miwili chini ya mtungi wa Kanini, akasukuma, na Kanini akainuka. Wakaanza kupanda mlima kwa mstari, migongo imeinama, macho chini. Hakuna aliyemwambia Kanini pole. Hilo nalo alilisikia, kila hatua.

Walipofika penye mawe, njia ilipokuwa nyembamba, Kanini aligundua Kamanthe ndiye aliye nyuma yake. Akasema akiwa ametazama mbele, maana ukibeba kwa mukwa huwezi kugeuza kichwa.

"Kamanthe, sikuja kwako. Mtoto akazikwa na sikuja."

"Ndio. Hukuja."

"Nilikuwa na vyondo vya watu."

"Najua. Mlango wako unaonekana vizuri kutoka kwetu. Nilikuwa nimesimama pale kaburini na nikakuona ukisuka."

Kanini akakosa pa kukanyaga, jiwe likaporomoka, akajishikilia.

"Nisamehe," akasema tu.

Walipanda kidogo, maji yakipiga kwenye mitungi.

"Alikuwa anaitwa nani?" Kamanthe akauliza.

"Nani?"

"Mtoto wangu. Alikuwa anaitwa nani, Kanini?"

Kanini akatafuta. Alimkumbuka vizuri yule mtoto, kichwa kikubwa, kaptura iliyofungwa kwa kamba ya makonge, akicheza kando ya visima mama yake akichota. Aliwahi kumpa kipande cha muwa, akakikata kidogo. Lakini kila alipomtaja alimtaja hivyo tu, yule mdogo wa Kamanthe. Jina hakuwahi kuliuliza. Akatafuta tena, kama mtu anayepekua mfuko anaojua ni mtupu.

"Niambie," akasema, sauti imekwaruza.

"Si leo. Leo tunazika mama." Kamanthe akanyanyua mzigo wake mgongoni ukae sawa. "Utakuja kwangu uniulize. Na usije mkono mtupu."

Kanini akaitikia. Alikuwa analia sasa, analia wazi wazi, na machozi yakamtiririka mpaka kidevuni kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika mukwa.